Mto wa Sufi na Barua Kumi na Saba

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa juu ya begi. Wengine mmenisimamisha sokoni kuniuliza kama lilifunga. Lilifunga. Zipu ilipoteza meno mawili, na mimi mgongo ukaniuma siku tatu.

Kwa aliyekosa gazeti, nitasema kwa ufupi. Mjukuu wangu Latifa, mtoto wa mwanangu Djibril, alichaguliwa na wenzake wa chuo cha ualimu kuwa mkubwa wa wanafunzi. Mtaani kwetu Rumonge tukamwita Perezida. Kisha shirika moja la dini likatafuta wakubwa wa wanafunzi wanane kutoka vyuo vya ukingo wa ziwa, Muhuta mpaka Nyanza-Lac, liwapeleke Tanzania kwa safari ya masomo. Mashua mpaka Kigoma, treni mpaka Morogoro, wiki mbili. Wakaone wanafunzi wa kule wanavyojiongoza na kubishana bila kutoana damu.

Ulikuwa mwaka 2002. Vita ilikuwa haijatuacha, na wale watu wa shirika waliamini kwamba vijana wanane wakijifunza jambo hilo, watatufundisha na sisi wengine.

Mpango ulikuwa mzuri. Ulikuwa na kasoro moja tu: Perezida alikuwa na bibi.

Siku nilipopata habari nilikwenda sokoni na beseni la mawese. Sikuuza hata kikombe. Nilizunguka kila meza nikitangaza. Nasema mbele ya Mungu, nilisema Kigoma. Lakini habari ilipofika kwa jirani yangu Cibalonza, mama mmoja aliyetoka Uvira, ilikuwa imeshakuwa Ubelgiji. Wanawake wawili wakaniletea barua za ndugu zao wa Brusele.

Nikazipokea. Sikujua treni inapita wapi na wapi.

Lazima muelewe mambo yalivyokuwa. Posta haikuvuka ziwa. Nusu ya kila ukoo ilikuwa ng'ambo, kwenye kambi za wakimbizi za Tanzania. Kwa hiyo yeyote anayevuka anabeba barua za mtaa mzima. Ukikataa barua ya mtu, ni kama umemnyima maji ya kunywa, utasemwa katika kila arusi mpaka ufe.

Sasa, mwalimu aliyekuwa akiwasindikiza vijana, Prefe Lukeba, alikuwa ametoa kanuni kwenye karatasi. Nguo, daftari, chakula cha njiani, basi. Mzigo wa mtu mwingine hapana. Barua ya kwenda kambini hapana kabisa, kwa sababu askari waliamini kila barua inayokwenda kambini inakwenda kwa waasi.

Latifa alinisomea kanuni hiyo mara mbili, akaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilisikia. Wakati huo nilikuwa na barua kumi na moja ndani ya kopo la mchele.

Zilipofika kumi na sita, nikafumua mto wa kulalia, ule wa sufi. Nikazipanga barua katikati, nikarudisha sufi, nikashona. Nilimwambia Latifa ni mto wa kuegemea kwenye treni. Dada yangu Fatuma, anayekaa Kigoma, angempokea pale bandarini, auchukue mto, ampe mwingine, kisha agawe barua kambini taratibu. Latifa asingejua kitu, kwa hiyo asingekuwa amevunja kanuni ya mtu.

Nilijiona nimezidi jeshi zima kwa akili.

Ambalo sikulifikiri ni hili. Mtu akikutwa na barua mkononi, amekutwa na barua. Akikutwa nayo imeshonwa ndani ya mto, amekutwa na siri, hata kama ndani kuna salamu za mbuzi.

Asubuhi ya safari nusu ya mtaa ilikuja bandarini. Si kwa mapenzi ya Latifa. Kila mtu alikuja kuiaga barua yake.

Askari walikuwa wameweka meza karibu na maji. Aliyekaa hapo alikuwa mkubwa wao, Ajida mmoja, mtu wa milima ya juu huko ndani, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Ruhusa ya mashua ilikuwa mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo hakuna kinachotoka, na ukikosa mashua umekosa treni, na ukikosa treni hakuna safari tena kwa mtu yeyote kati ya wale wanane. Prefe Lukeba aliyasema hayo kwa kila aliyemkaribia, huku akitazama saa yake.

Latifa alikuwa wa mwisho kukaguliwa. Ajida alipekua begi, akaona daftari, akaona ndagala, dagaa wetu wa ziwani, akaona Kurani ndogo. Kisha akauminya mto.

Mto ukalia kama majani makavu.

Akamuuliza ndani kuna nini. Latifa akajibu kwamba kuna sufi. Ajida akachomoa kisu na kuupasua mto kutoka pembe mpaka pembe.

Kulikuwa na upepo wa ziwani. Sufi yote ikapanda. Ikakaa kwenye kofia ya Ajida, ikakaa kwenye masharubu yake, ikafunika karatasi za safari za Prefe Lukeba, mihuri na yote. Hakuna aliyecheka. Na barua zikaanguka juu ya meza, moja moja, kama zina haya.

Ajida akazihesabu. Akasema kumi na saba. Mimi nikajisemea moyoni, huyu hata kuhesabu hajui, ni kumi na sita.

Vijana saba waliokwisha kupanda wakaamriwa washuke. Latifa akawekwa pembeni na askari wawili. Prefe Lukeba akaanza kuomba kwa Kifaransa, tena Kifaransa kile kirefu, lakini Ajida alikuwa akijipangusa masharubu, hakumsikiliza. Akasema msichana atapelekwa kambini kwake kwa maswali.

Waliopelekwa pale kwa maswali, wengine walirudi wamekuwa bubu. Wengine hawakurudi.

Nikapita katikati ya watu.

"Mto ni wangu," nikasema. "Mimi ndiye nilishona."

"Wewe nani?"

"Bibi yake."

"Mutoto alijua?"

"Hakujua, Shefu. Alinikataza."

"Na wewe, mukecuru, unajua iliyoandikwa humu?"

Hapo mtu mwenye akili angesema hajui. Angesema yeye ni mukecuru kweli, bibi mzee aliyepewa tu. Lakini mimi nilikuwa na mtaa mzima nyuma yangu unanitazama.

"Najua yote," nikasema.

Ajida akanisogezea kiti. "Basi kaa. Soma moja mpaka ya mwisho, kwa sauti. Hawa wasomi nikiwapa wasome watanizungusha. Wewe ukidanganya, nitaona kwa uso."

Mimi nilisoma miaka mitatu ya primeri, tena mwaka wa tatu niliutumia zaidi kumbeba mdogo wangu. Herufi nazijua, lakini tunajuana kwa mbali; hata haya ya gazeti nayasema kwa mdomo, kijana mmoja ananiandikia. Nikiona neno lazima nilipapase kwanza, silabi kwa silabi, mpaka likubali kuwa neno.

Barua ya kwanza ilikuwa ya Cibalonza kwenda kwa dada yake.

"Ma-dhu-mu-ni ya ba-ru-a hi-i," nikaanza, "ni ku-ta-ka ku-ju-a ha-li ya-ko."

Nilipofika mstari wa tano jasho lilikuwa linanitoka. Na mstari wa tano ulisema hivi: barua hii inaletwa na mjukuu wa Mwasiti. Yule Mwasiti mwenye majivuno, niliyekwambia, anayeuza mawese yenye mchanga.

Mwasiti ni mimi.

Nikainua macho. Cibalonza alikuwa kwenye kundi la watu, amejifunika na mwavuli, na siku ile hapakuwa na jua wala mvua.

"Mama Cibalonza," nikasema, "mchanga?"

"Soma tu, dada," akajibu kutoka ndani ya mwavuli. "Mashua iko inangoja."

Nikasoma. Ya pili ilikuwa ya Shafii fundi cherehani. Alimwandikia kaka yake kuhusu mbuzi aliyeingia shamba la mtu kule Kizuka akakamatwa. Mwishoni akaongeza kwamba mleta barua ni wa nyumba ya Mwasiti, na kwamba Mwasiti huyo wangempeleka Arusha kwenye mazungumzo ya amani, pande zote zingetia sahihi siku ya kwanza ili anyamaze.

Askari mmoja akacheka puani.

Sikujua mpaka siku ile kwamba kila anayeandika barua hueleza inaletwa na nani. Kumi na sita nilizosoma, kumi na mbili zilinitaja. Mmoja aliandika nina mdomo. Mwingine aliandika nina moyo mzuri lakini nina mdomo. Wale wawili wenye ndugu Brusele waliandika kwamba mimi ndiye mwanamke mwenye mjukuu aliyekuwa waziri. Nilizisoma zote, silabi kwa silabi, mbele ya waandishi wenyewe, na kwa kuwa nilisoma polepole, kila tusi lilikaa hewani muda mrefu kabla halijaisha.

Ilipofika ya kumi, askari walikuwa wakiimba nami ile "madhumuni ya barua hii". Ajida alikuwa amelegea kwenye kiti. Mara mbili alinikatiza kuuliza. Alitaka kujua kama yule mbuzi wa Shafii alirudishwa. Shafii mwenyewe akajibu kutoka nyuma kwamba alirudishwa, lakini amekonda.

Nikamtazama Latifa. Alikuwa na sufi kwenye nyusi kama bibi kizee, na nilidhani atakuwa anacheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama barua zilizobaki mezani.

Nikamaliza ya kumi na sita. Prefe akaonyesha saa: bado dakika ishirini.

"Imebaki moja," Ajida akasema. "Soma, mukecuru, mwende na amahoro, kwa amani."

Na kweli ilikuwepo moja. Ilikunjwa ndogo sana, karatasi ya daftari la shule lenye miraba. Sikuipokea mimi. Sikuishona mimi. Ndipo nikakumbuka kwamba nilipoutoa mto nyumbani asubuhi, mshono wa pembeni ulikuwa umenyooka vizuri kuliko ninavyoshona mimi. Nilikuwa nimejisifu.

Nikaifungua. Mwandiko nikaujua mara moja. Ndio mwandiko ulioniandikia majina ya dawa zangu kwenye chupa.

Wasomaji wangu, hapa lazima niwaungamie jambo. Tangu wiki ya kwanza nimewaandikia kwamba mwanangu Djibril alikufa maji. Mlinipa pole, mmoja wenu akanitumia hata kitenge. Kitenge nimekivaa. Lakini Djibril hakufa.

Mwaka 1996 jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya askari ya watu wanaotafutwa. Akavuka ziwa. Mimi nikalia njia nzima, nikasema mtumbwi wake umezama. Tukamsomea hitima, watu wakala wali, komine, ile ofisi ya serikali, ikanipa karatasi ya kifo yenye muhuri. Latifa alikuwa na miaka kumi na miwili. Hata yeye nilimwambia baba yake amekufa, kwa sababu mtoto akijua, na askari watajua. Karatasi zake zote za shule na za safari zilisimama juu ya uongo ule.

Na sasa uongo ule ulikuwa mkononi mwangu, umeandikwa kwa kalamu ya bluu.

"Baba Djibril. Najua uko hai. Ni mwaka wa pili tangu nijue, Bibi huongea usingizini. Ameshona barua kwenye mto akidhani sijui, na mimi natia yangu. Tutarudi Kigoma kutoka Morogoro tarehe ishirini na mbili. Unisubiri bandarini. Mashua ya kurudi Rumonge sitaipanda. Usimwambie Bibi, atalia na mtaa mzima utajua."

Niliisoma kwa macho tu, lakini miaka mitatu ya primeri ilinitosha siku hiyo. Sijui yale maneno yalinifikaje bila kupapaswa.

Sitaipanda.

Niliyemlea mimi. Niliyemwekea sahihi komine kwamba wiki mbili zikiisha atakuwa amerudi, na asiporudi niulizwe mimi.

Nikiisoma ile barua kama ilivyo, mashua itaondoka bila yeye na atabaki upande wangu wa ziwa, lakini mikononi mwa Ajida, mtoto wa mtu anayetafutwa. Nikiificha, ataondoka, na sitamwona tena. Nilikuwa na muda wa kumeza mate mara moja.

Nikameza, kisha nikasoma.

"Bibi Fatuma, salamu. Nitafika Ijumaa, nipikie ugali wa muhogo na samaki mukeke. Yule ng'ombe wako mweusi bado anatoa maziwa? Usiyamalize, nami niyaonje. Mjukuu wako, Latifa."

Fatuma hajawahi kuwa na ng'ombe mweusi. Hajawahi kuwa hata na kuku mweusi.

Ajida akanitazama usoni.

"Mukecuru," akasema, "barua kumi na sita umesoma kama mutu anapanda mulima na muzigo. Hii umeteremuka mbio."

Ndugu zangu, nimedanganya watu maisha yangu yote na sikuwahi kukamatwa. Nilikuja kukamatwa kwa kusoma vizuri.

"Ni fupi, Shefu," nikasema.

Akanyoosha mkono, akaninyang'anya ile karatasi, akampa Latifa.

"Perezida, wewe uko mwalimu. Soma."

Latifa akaishika. Alijua kilichoandikwa, alikiandika mwenyewe. Na sasa alijua kwamba na mimi nakijua. Alinitazama mara moja tu, kisha akashusha macho kwenye karatasi na kuanza kwa sauti yake ya darasani.

"Bibi Fatuma, salamu. Nitafika Ijumaa, nipikie ugali wa muhogo na samaki mukeke."

Neno kwa neno. Mukeke akamtaja, ng'ombe mweusi akamtaja, hata maziwa hakuyasahau. Nikaanza kupumua. Kisha akaendelea.

"Bibi Mwasiti nimemwacha salama. Akinikasirikia, mwambie sikupata njia nyingine."

Ajida akainua kidole. "Hilo la mwisho mukecuru hakusoma."

"Aliruka mstari, Shefu," Latifa akasema. "Macho yake yamechoka."

"Ni kweli," nikasema. "Yamechoka."

Ajida akaikunja ile barua, akaitia kwenye mfuko wa shati. Zile nyingine kumi na sita akazisukuma upande wangu, akasema nizirudishe kwa wenyewe, na nimwambie Mama Cibalonza achuje mawese mwenyewe kama hataki mchanga. Watu wakacheka, kwa sababu walihitaji kucheka. Prefe Lukeba alikuwa ameshaanza kuwasukuma vijana mashuani.

Latifa akaja kuniaga. Watu wakasogea, walitaka kusikia. Nilikuwa na maneno mengi sana ya kumwambia.

"Vaa sweta kwenye treni," nikamwambia.

"Nitavaa, Bibi."

"Na kula. Usigawe ndagala zote."

"Sitagawa."

Akaniondoa sufi kichwani, vipande viwili, akaviweka mfukoni mwake. Akapanda. Mashua ikasukumwa, injini ikakohoa, ikashika. Nikapunga mkono mpaka bega likauma. Cibalonza akaja kusimama karibu yangu na mwavuli wake, akaufungua juu ya vichwa vyetu wote wawili. Nikamshukuru moyoni. Nikajisemea, umemaliza, Mwasiti, nenda nyumbani ukalie.

"Mukecuru. Kuja hapa."

Ajida alikuwa bado kwenye meza yake. Alikuwa ameitoa ile barua mfukoni, ameikunjua, ameiweka juu ya meza na kuibana kwa kisu isipeperuke. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa kwanza.

"Kiswahili ya kuandika siijui sana," akasema. "Lakini jina ya mutu ninasoma kwa luga yote. Hapa juu sioni Fatuma. Hapa imeandikwa Djibril. Djibril iko nani?"

Mashua ilikuwa haijafika mbali. Niliona kitambaa cha Latifa, cha njano, na nyuma yake mtu wa usukani ameelekeza uso huku, akisikiliza kama askari watapiga filimbi ya kuwarudisha, kama walivyozoea kusikiliza.

"Ni mwanangu," nikasema. "Alikufa. Karatasi yake iko komine."

"Alikufa lini?"

"Sitini... tisini na sita. Maji."

Ajida akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayenipa pole. Akatazama tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Akatazama ziwa.

"Na ninyi watu wa Rumonge," akauliza, "wafu wenu munawaandikia barua mpaka leo?"

Kisha akachukua filimbi iliyokuwa shingoni mwake, akaitia mdomoni.